George Beauchamp na Gitaa la Umeme

Wenyeji wa Unyamwezi wana chombo cha muziki cha zamani sana, nacho huitwa zeze. Ni kipande cha mti kirefu na chembamba. Chini yake hufungwa kibuyu kikavu kilichotobolewa, na juu yake hupitishwa uzi mmoja, au nyuzi mbili tatu. Katika siku za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakichukua pembe za ndovu kutoka Ujiji na Tabora mpaka Bagamoyo, na kurudi na nguo na shanga na waya wa shaba, zeze halikukosa kambini. Burton, yule msafiri Mwingereza aliyefika Tabora mwaka 1857, aliliona akaandika habari zake. Jioni, mizigo ikiisha kutuliwa na moto ukiwaka, mtu mmoja alikaa kitako akalipiga, na wale waliokuwa karibu naye wakasikiliza kimya.

Lakini ni wale waliokuwa karibu naye tu. Zeze lina sauti tamu, ila ni sauti ndogo. Ngoma ikilia, zeze hufa. Mpigaji awe hodari namna gani, vidole vyake vikimbie kama miguu ya paa, watu walio hatua ishirini mbali hawamsikii. Wao huona mtu anayetikisa vidole tu.

Kasoro hiyo si ya zeze peke yake. Gitaa nalo, ijapokuwa limetengenezwa na mafundi wa Ulaya kwa miaka mamia, lilikuwa na ugonjwa ule ule. Uzi ukitikiswa, hutikisa ubao mwembamba wa kisanduku chake, ubao hutikisa hewa iliyomo ndani, na hewa hiyo hutoka kwa tundu ikayafikia masikio yetu. Nguvu yote hutoka katika kidole cha mpigaji, na kidole kina nguvu kidogo. Habari tutakazosoma hapa ni za mtu mmoja ambaye hakukubali hali hiyo. Jina lake ni George Beauchamp. Jina hilo huandikwa kwa namna ya Kifaransa, lakini watu wake hulitamka kama kwamba limeandikwa Bichamu.

Beauchamp alizaliwa tarehe 18 Machi 1899 katika wilaya ya Coleman, jimbo la Texas, nchi ya Marekani. Alipokuwa kijana alijifunza kupiga fidla, kisha akajifunza gitaa kwa namna ya watu wa Hawaii. Inafaa tuieleze namna hiyo, kwa sababu bila kuifahamu hatutaelewa mambo yaliyofuata. Hawaii ni visiwa vilivyo katikati ya bahari kuu ya Pasifiki. Watu wa huko walilipokea gitaa kutoka kwa wachungaji wa ng'ombe waliotoka Mexico, nao wakaligeuza kwa akili yao wenyewe. Hawalikumbatii kifuani, bali hulilaza mapajani. Mkono wa kulia huchezesha nyuzi, na mkono wa kushoto hushika kipande cha chuma laini na kukitelezesha juu ya nyuzi, hata sauti hupanda na kushuka bila kukatika, kama sauti ya mtu anayeimba. Mwaka 1915 palikuwa na maonyesho makubwa katika mji wa San Francisco, na wapigaji wa Hawaii wakasikiwa huko na watu wengi mno. Tangu hapo Marekani nzima ikaupenda muziki ule.

Beauchamp akafanya muziki kuwa kazi yake. Aliingia katika makundi ya wachezaji waliokuwa wakizunguka mji kwa mji: mmoja huimba, wa pili huchekesha, wa tatu hufanya mazingaombwe, na kadhalika, kila mmoja kwa zamu yake. Baadaye akakaa Los Angeles. Kumbi zilikuwa kubwa, na katika kila bendi palikuwa na tarumbeta na ngoma na piano. Beauchamp na gitaa lake walikuwa pale, lakini walikuwa kama hawapo. Hebu fikirini uchungu wa mtu aliyejifunza kazi yake miaka mingi, akaifanya vizuri, wala hakuna amsikiaye!

Katika miaka ile ya 1920 kila nyumba yenye uwezo ilikuwa na santuri. Santuri za kwanza hazikutumia umeme. Sindano yake ilitikisa kisahani chembamba, na sauti ile ndogo ikapita katika pembe kubwa mfano wa baragumu, ikatoka kwa nguvu. Beauchamp alipoitazama alijiuliza kwa nini gitaa lisiwe na pembe kama ile. Akaenda kwa fundi mmoja wa kutengeneza fidla, jina lake John Dopyera, mzaliwa wa Slovakia aliyekuwa akifanya kazi pamoja na ndugu zake katika mji ule wa Los Angeles. Wakatengeneza gitaa la ajabu: liliwekwa juu ya kigoda, na pembe ya santuri ikafungwa upande wake wa chini. Kwa macho lilikuwa kichekesho, na kwa masikio halikuwa bora zaidi. Beauchamp akaliweka kando.

Wengine wangaliishia hapo. Yeye akarudi kwa fundi yule yule na shauri jingine. Ikiwa pembe haikufaa, labda kile kisahani chembamba cha santuri kingefaa. Dopyera akajaribu vitu vya namna nyingi, akaona kwamba kinachoshinda vyote ni aluminiamu iliyofuliwa ikawa nyembamba sana na kupewa umbo la pia. Aluminiamu ni madini yale yale mepesi yanayotengenezewa sufuria zetu. Wakaweka pia tatu ndani ya gitaa la chuma, chini ya nyuzi, na mara sauti ikawa kubwa, kali, yenye kung'aa. Hilo likapendwa. Kuna habari kwamba Beauchamp alifanya karamu, akamwalika mpigaji hodari wa Hawaii aitwaye Sol Hoopii alipige mbele ya wageni, na tajiri mmoja aliyekuwapo alipendezwa hata akatoa dola 12,500 usiku ule ule ili kiwanda kianzishwe. Kiwanda kikaanzishwa, kikaitwa National, na Beauchamp akawa mkuu wake. Viwiliwili vya chuma vilikandamizwa katika karakana ya jirani, mali ya mhandisi mmoja mzaliwa wa Uswisi aitwaye Adolph Rickenbacker. Likumbukeni jina hilo, maana litarudi.

Habari za kiwanda kile sitazieleza kwa urefu. Palikuwa na faida, kisha pakawa na ugomvi, kama iwavyo mara nyingi penye faida. Dopyera akatoka na ndugu zake wakaanzisha kazi yao. Mwishoni mwa mwaka 1929 biashara ya Marekani ikaanguka, watu mamilioni wakakosa kazi, na magitaa ya bei kubwa hayakupata wanunuzi. Mwaka 1931 Beauchamp naye akaondolewa katika kiwanda alichokuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Nadhani hakuwa msimamizi mwema wa fedha na watu; kipawa chake kilikuwa cha namna nyingine.

Lakini kabla ya kuondolewa alikuwa amekwisha kuanza jambo jingine nyumbani kwake. Aliona kwamba hata zile pia za aluminiamu zina kikomo, kwa maana nguvu ilikuwa bado ni ya kidole tu. Ili sauti ikue kweli, ilihitaji kupata nguvu mahali pengine, na mahali hapo ni katika umeme. Redio zilikuwa zimeenea, na watu walikuwa wakijua namna ya kuchukua mkondo mdogo wa umeme na kuukuza kwa taa za redio, hata ukaweza kutikisa kipaza sauti kikubwa. Basi shida ilikuwa moja: namna ya kugeuza mtikisiko wa uzi uwe mkondo wa umeme. Wengine walikuwa wamejaribu kuweka kinasa sauti juu ya kisanduku cha gitaa. Kinasa sauti hicho kilinasa kila kitu, kugonga kwa mkono, kukwaruza kwa nguo, kelele za ukumbini, hata sauti ya uzi ikapotea katikati ya takataka.

Beauchamp hakuwa mtu wa elimu ya umeme. Alikuwa mpigaji wa gitaa mwenye umri wa miaka thelathini. Akaenda kujiandikisha katika masomo ya usiku ili ajifunze mambo ya umeme tangu mwanzo, kama mtoto. Kisha akaanza kujaribu juu ya meza ya kulia chakula.

Natamani kila mwanafunzi anayependa kuunda vitu aangalie alivyoanza. Hakuanza na gitaa zima. Alichukua kipande cha ubao wa kujengea nyumba, akafunga juu yake uzi mmoja tu wa chuma. Akatoa kile kifaa cha santuri ya umeme kilichokuwa kikishika sindano, akakifunga ubaoni ili asikie kitatoa nini. Uzi mmoja huonyesha kosa upesi. Nyuzi sita hulificha. Hata hapa kwetu, mvulana anayechukua ubao wa urefu wa mkono na waya mmoja wa breki ya baiskeli, akaukaza kati ya misumari miwili na kuinua ncha zake kwa vijiti viwili, atajifunza mambo mengi kuliko yule anayekimbilia kukata debe na kufunga nyuzi sita siku ya kwanza. Ataona kwamba waya ukikazwa sauti hupanda. Kwamba ukishikwa katikati kabisa, nusu iliyobaki hutoa sauti ile ile ya kwanza lakini ya juu. Na kwamba ncha ya ubao ikiegemezwa juu ya meza au mlango, sauti hukua ghafula, kwa sababu meza nzima inatikisika pamoja nao. Hayo yote Beauchamp aliyajua. Yeye alikuwa akitafuta lisilojulikana.

Msingi wa jambo hilo uligunduliwa mwaka 1831 na Mwingereza Michael Faraday, mwana wa mhunzi. Faraday aliona kwamba sumaku ikisogezwa karibu na waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi, mkondo wa umeme huzaliwa ndani ya waya ule. Ikisimama, mkondo nao hukoma. Beauchamp aliigeuza hesabu hiyo. Sumaku na waya vikae kimya, na kinachosogea kiwe ni uzi wa gitaa. Uzi wa chuma ukiwa karibu na sumaku, nao hugeuka kuwa kama sumaku kidogo. Ukitikisika juu ya waya uliozungushwa, huusumbua ule uwezo wa sumaku unaopita katikati, na umeme mdogo hutokea. Uzi ukitikisika mara mia mbili kwa sekunde, mkondo nao huenda na kurudi mara mia mbili. Hapo sauti haijawa sauti bado. Ni umeme unaofuata nyayo za uzi. Taa za redio huukuza, na kipaza sauti huugeuza kuwa sauti tena, kubwa kadiri mtu atakavyo.

Katika jambo hili uzi lazima uwe wa chuma. Uzi wa mshipa wa mnyama, au wa katani, au wa nailoni, hata ukitikiswa mchana kutwa juu ya sumaku hautatoa kitu, kwa maana sumaku haina habari nao. Basi zeze la zamani la uzi wa mshipa lingebaki bubu mbele ya kifaa cha Beauchamp, lakini zeze lililotiwa waya wa breki lingesema.

Kazi ilichukua miezi mingi. Alisaidiwa na mwenziwe mmoja wa kiwandani, Paul Barth. Waya wa shaba unaotumika ni mwembamba kama unywele, nao huzungushwa maelfu ya mara. Ukikatika mara moja, kazi yote imepotea. Kuuzungusha kwa mkono ni adhabu. Husimuliwa kwamba walichukua mota ya mashine ya kufulia nguo, wakaifanya iwe gurudumu la kuzungushia waya. Baadaye Barth alisema ilikuwa mota ya cherehani. Vyovyote iwavyo, ilikuwa mashine ya nyumbani, nayo ilifanya kazi ambayo aliyeiuza hakuiwaza kamwe.

Mwishowe wakapata umbo lililofaa. Chini ya nyuzi waliweka waya uliozungushwa, na katikati yake vipande sita vidogo vya chuma, kimoja kwa kila uzi, ili hakuna uzi utakaosahauliwa. Kisha wakachukua sumaku mbili kubwa zenye umbo la kiatu cha farasi, wakazielekeza moja kwa nyingine, hata nyuzi zikapita ndani yake kama treni inavyopita chini ya daraja. Wakaunganisha na kikuza sauti, wakapiga. Sauti ikatoka safi, bila makelele ya kisanduku.

Na kwa kuwa sauti haikutoka tena katika kisanduku, kisanduku cha nini? Hapa ndipo nionapo akili ya mtu huyu kuliko mahali pengine. Watu wengi huvumbua kitu kipya na kukivika nguo za kile cha zamani. Hata magari ya kwanza yalitengenezwa mfano wa magari ya farasi. Beauchamp alikitupa kisanduku. Tena kisanduku kingeleta hasara, kwa maana sauti kubwa ya kipaza sauti hukitikisa, nacho hutikisa nyuzi, nazo huongeza sauti, hata pakatokea mlio mbaya usiokoma. Basi akamwomba Harry Watson, fundi stadi wa kiwanda cha National, amchongee gitaa la mti mtupu. Watson akachukua gogo moja la mti uitwao maple, ambao ni mgumu na mzito, akalichonga kwa vyombo vidogo vya mkono kwa muda wa saa kadha tu, shingo na kiwiliwili pamoja, bila kiungo. Kiwiliwili kilikuwa kidogo na cha mviringo, na shingo ndefu. Wamarekani walipokiona walicheka, wakakiita Kikaango, na jina hilo halijatoka mpaka leo. Lakini mzee wa Unyamwezi angalikiona kwa mbali, pengine angalisema ni zeze.

Beauchamp akalipeleka gitaa lile kwa Adolph Rickenbacker, yule mhandisi wa karakana ya jirani. Rickenbacker alikuwa na mashine, na fedha kidogo, na moyo wa kujaribu. Mwaka 1931 wakaanzisha kampuni, na mwaka 1932 wakaanza kuuza Vikaango, si vya mti sasa, bali vya aluminiamu iliyoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Kila gitaa liliuzwa pamoja na kikuza sauti chake.

Wakati ulikuwa mbaya mno. Ulikuwa mwaka wa njaa na ukosefu wa kazi, na watu wa mashamba wengi wa Marekani hawakuwa na umeme nyumbani, kama vile vijiji vingi vya Tabora vilivyokaa bila umeme kwa miaka mingi baadaye. Nani atanunua gitaa lisilolia bila umeme? Mwaka wa kwanza waliuza machache sana. Tena palikuwa na kasoro ambayo hawakuifikiri. Aluminiamu hupanuka ipatapo joto, na jukwaani zilikuwako taa kali. Mpigaji alikaza nyuzi zake vizuri nyuma ya pazia, akatoka, na baada ya dakika chache chini ya taa nyuzi zote zimeharibika sauti. Mwaka 1935 wakatoa gitaa jingine la bakelaiti, ile plastiki ngumu nyeusi iliyotumika kwa simu za zamani, na hilo likastahimili joto zaidi.

Lakini shida iliyomuumiza zaidi ilikuwa ya karatasi. Katika nchi nyingi mvumbuzi huomba hati ya serikali inayokataza watu wengine kuuiga uvumbuzi wake kwa muda fulani. Beauchamp aliomba. Wakubwa wa ofisi ile ya Washington walisumbuka. Waliuliza kitu hiki ni cha namna gani: ni chombo cha muziki, au ni mashine ya umeme? Tena walitia shaka kama kinafanya kazi kweli. Beauchamp alibadili maelezo yake, akaleta ombi jingine tarehe 2 Juni 1934. Shaka haikwisha. Hata ikabidi wapigaji kadhaa, naye Sol Hoopii miongoni mwao, wasafiri kutoka Los Angeles mpaka Washington, safari ya kuvuka bara zima, ili wapige gitaa lile mbele ya wakubwa wenyewe. Fikirini chumba cha ofisi, meza na faili na makarani, na ghafula muziki wa Hawaii ukajaa ndani. Wakubwa wakaamini masikio yao.

Hati ilitolewa tarehe 10 Agosti 1937, namba 2,089,171. Ilikuja imechelewa. Miaka mitano ilikuwa imepita tangu Kikaango cha kwanza kuuzwa, na katika miaka hiyo makampuni mengine yalikuwa yamekwisha kutengeneza magitaa ya umeme ya kwao na kuyauza kila mahali. Kuwashitaki wote kungehitaji fedha nyingi kuliko alizokuwa nazo Beauchamp na wenziwe. Basi mtu aliyekesha juu ya meza yake akazungusha waya aliona jasho lake likigawanywa kwa wengine, na hati mkononi mwake ikawa heshima zaidi kuliko mali.

Polepole moyo wake ukatoka katika kazi hiyo. Alikuwa akipenda sana kuvua samaki, na akili yake, isiyojua kutulia, ikahamia huko. Akaunda chambo cha bandia cha kuwadanganya samaki, akakiombea hati nayo. Mwaka 1940 akauza sehemu yake katika kampuni. Tarehe 30 Machi 1941, alipokuwa akivua baharini karibu na Los Angeles, moyo wake ukasimama, akafa. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na miwili.

Wakati huo gitaa la umeme lilikuwa limekwisha kumpita. Tangu mwaka 1939 kijana mmoja Mweusi wa Marekani, Charlie Christian, alikuwa akilipiga katika bendi ya Benny Goodman, na kwa mara ya kwanza watu wengi wakasikia gitaa likijibizana na tarumbeta bila kushindwa. Mwaka 1950 fundi wa redio wa California aitwaye Leo Fender alianza kutoa kwa wingi magitaa ya mti mtupu ya kushikwa kifuani. Fender naye alikuwa mtu wa kujaribu mwenyewe kwa mikono yake, wala hakujua kulipiga gitaa hata siku moja.

Huku kwetu magitaa yalifika kwa meli na kwa reli. Reli ya kati iliifikia Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikifuata kwa sehemu kubwa nchi zile zile walizopita wapagazi, na katika mabehewa yake zilipita santuri, redio, betri na nyuzi za chuma. Katika miaka ya 1960 na 1970 Tabora ilikuwa na bendi zilizojulikana nchi nzima: Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, ambayo jina lake ni la Unyanyembe, nchi ile ya watemi ambako misafara ilikuwa ikipumzika. Magitaa yao yaliimba juu ya ngoma na tarumbeta, na mtu aliyesimama nje ya ukumbi, ng'ambo ya barabara, aliusikia kila uzi. Chini ya nyuzi zile, ndani ya kifuniko kidogo, palikuwa na sumaku na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara.